Ukinenepa ukitumia dawa ya kupunguza mwili, iulizwe dawa kwanza

Mfanyabiashara wa Kikuubo hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Gunia la maharage likitoka Kampala na kilo 100 likafika Busia na kilo 92, hakuna anayeligombeza gunia. Huulizwa dereva, huulizwa mpakiaji, huulizwa mwenye ghala, mpaka ijulikane kilo nane zimeishia wapi. Katika biashara mizani ni shahidi, na shahidi husikilizwa.

Mizani hiyo hiyo ikikanyagwa na mwanamke anayetumia dawa ya kupunguza mwili, ikaonyesha kwamba ameongezeka kilo nne badala ya kupungua, utaratibu hugeuka. Muuzaji wa dawa haulizwi. Hakuna anayetaka kujua dawa ilitoka wapi, ilisafiri vipi wala ililala wapi. Anaulizwa yeye: umekula nini? Ni zile rolex za usiku? Ni soda? Naye kwa aibu hunyamaza, hununua pakiti nyingine, au huiongeza mara mbili dozi aliyo nayo.

Kunyamaza huko ni hatari kwa mwili wake, na ni hatari pia kwa soko la Afrika Mashariki. Kilo iliyoongezeka kinyume cha matarajio ni taarifa. Huenda inasema dawa ni bandia. Huenda inasema iliharibika kwa joto njiani, au inagombana na dawa nyingine, au moyo na figo vimeanza kuchoka. Taarifa hiyo ikizimwa kwa kicheko na lawama, mtu mwingine ng'ambo ya mpaka atauziwa bidhaa ile ile kesho.

Biashara iliyonona

Mahitaji ya dawa hizi si ya kubuniwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Wengi wao ni watu wa mjini, na mfanyabiashara wa mpakani yumo: anakesha ndani ya basi, anakaa dukani saa kumi na mbili, anakula kinachopatikana stendi. Presha na kisukari vinamkaribia, na daktari akimwambia apunguze uzito hamtanii.

Bidhaa zinazomsubiri ni za aina mbili. Ya kwanza ni sindano za kizazi kipya, zenye dawa kama semaglutidi, ambayo dunia inaifahamu zaidi kwa jina la Ozempic. Ozempic yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Huiga homoni ya utumbo inayouarifu ubongo kwamba tumbo limeshiba. Ya pili ni kundi kubwa la chai, vidonge na unga wa "kuyeyusha tumbo", vinavyouzwa pamoja na vipodozi, vingi bila jina la kiwanda linaloeleweka.

Sindano za kweli zina ushahidi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu waliotumia semaglutidi ya miligramu 2.4 kwa wiki walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68, huku waliopewa sindano isiyo na dawa wakipungua asilimia 2.4 tu. Wote walishauriwa pia kuhusu chakula na mazoezi. Habari hiyo imesafiri haraka kuliko dawa yenyewe, na habari ikiitangulia bidhaa, walaghai huijaza nafasi iliyobaki wazi.

Mizani inaposema kinyume

Mfano wa kubuni unatosha. Mama mmoja anapeleka nguo na viatu Juba. Akiwa Kampala, rafiki anamwonyesha kalamu ya sindano. "Nnyabo, miezi miwili tu, hata gomesi yako itakupwaya." Ananunua bila cheti cha daktari, anaitia kwenye begi, anapanda basi la usiku kupitia Elegu. Baada ya wiki saba anapima na kukuta ameongezeka kilo nne. Nini kimetokea?

Majibu ya kwanza hayana ulaghai ndani yake. Semaglutidi ya kupunguza uzito huanza na dozi ndogo ya miligramu 0.25 kwa wiki, ikapandishwa taratibu kila baada ya wiki nne, ili tumbo liizoee. Dozi hiyo ya mwanzo haikusudiwi kupunguza mwili. Anayenunua kalamu moja, akaitumia bila mtu wa kumpangia dozi, anaweza kumaliza fedha zake kabla kazi haijaanza. Tena wapo ambao dawa haiwafai hata ikiwa halisi: katika jaribio lile lile, watu wapatao 14 katika kila 100 hawakupungua hata asilimia tano ya uzito wao. Hao si wavivu wala walafi. Miili haifanani.

Kuna pia walioacha. Washiriki wa jaribio hilo walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili za uzito waliokuwa wameupoteza. Mfanyabiashara anayenunua mwezi wenye faida na kuruka mwezi wenye hasara yuko hapo hapo, na mara nyingi hakuna aliyemwambia mapema.

Kisha kuna dawa nyingine ambazo mtu anazitumia bila kuziwekea shaka. Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo hutolewa kwa pumu, mzio na maumivu ya viungo, huongeza hamu ya kula na kuhifadhi maji mwilini. Insulini na glibenklamidi za kisukari huweza kuongeza uzito. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake. Dawa kadhaa za magonjwa ya akili, kama olanzapini, zina sifa hiyo pia. Anayetumia mojawapo ya hizi asiiache kwa hasira ya mizani. Aitaje kwa daktari au mfamasia ili ipimwe pamoja na ile ya kupunguza mwili.

Lipo jambo jingine lisilosubiri foleni. Uzito ukipanda kilo mbili au tatu ndani ya siku chache, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi mtu akilala chali, huenda hayo ni maji, wala si mafuta. Moyo, figo au ini vinaweza kuwa vinaomba msaada. Huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mwanamke aliyekosa siku zake naye apime ujauzito kabla ya kuchoma sindano nyingine, kwa sababu dawa hizi hazishauriwi kwa mjamzito.

Barabara nayo ina lawama

Sasa irudiwe safari ya Juba. Kalamu ya semaglutidi ambayo haijaanza kutumiwa inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikishaanza kutumiwa huruhusiwa kukaa nje kwa wiki kadhaa tu, na joto lisipite nyuzi 30. Mjini Juba, joto la mchana mwezi Machi hupita nyuzi 35. Chini ya kiti cha basi, au ndani ya gari lililokwama kwenye foleni ya malori Malaba, halijoto hupanda kuliko ilivyo kivulini.

Dawa ya namna hii ni protini ndogo, na joto huiharibu bila kuibadilisha rangi wala harufu. Samaki wa Ziwa Viktoria akiharibika njiani, pua ya mnunuzi itamwambia. Sindano iliyoharibika huchomwa kwa imani ile ile, na wa kwanza kujua ni mizani. Hapo muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, mwenye bidhaa iliyotoka kiwandani ikiwa halisi, ambaye ameuza maji yenye bei kubwa kwa sababu hakuwa na boksi la barafu.

Bandia yenye meno

Bandia halisi ni jambo zito zaidi. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu matoleo matatu bandia ya Ozempic yaliyogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Oktoba 2023, mamlaka ya dawa ya Austria ilikuwa imeripoti watu waliolazwa hospitalini kwa kushuka sukari na kupata degedege baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa Ozempic. Ilishukiwa kwamba ndani yake kulikuwa na insulini. Ubaya wake unaonekana wazi: insulini huelekea kuongeza uzito, na kwa mtu asiye na kisukari huweza kuzima fahamu. Aliyenunua wembamba angeweza kupata unene, au kuzimia.

Ikiwa nchi zenye maabara nyingi na ukaguzi mkali zilipenywa, hakuna sababu ya kuamini kwamba njia za panya za Afrika Mashariki zimesalimika. WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia.

Kwenye vidonge na chai hali si bora. Chai nyingi za kupunguza mwili zina majani ya sena, ambayo huharisha. Mtu hupoteza maji, anafurahia kilo mbili zilizopungua, na akishakunywa maji na kula anazipata tena. Vidonge vingine huchanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuhusishwa na mishtuko ya moyo na kiharusi. Hivyo hupunguza mwili kweli, na ndiyo sababu vinasifiwa kwa mdomo, lakini gharama yake haimo kwenye bei.

Halafu kuna kichekesho cha soko lenyewe. Biashara hii ya maumbo ina pande mbili: upande mmoja vidonge vya kupunguza tumbo, upande wa pili vya kuongeza makalio na nyonga. Hivi vya pili si hadithi. Watafiti wa Kinshasa walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya watu wanaotumia ovyo siproheptadini, dawa ya mzio, ili wanenepe. Deksamethasoni nayo hutumiwa kwa nia hiyo hiyo. Mahali ambapo vidonge vya kunenepesha na vya kukondesha hutolewa kwenye makopo makubwa na kufungwa kwenye mifuko isiyo na jina, kuchanganya kunahitaji mkono mmoja uliochoka tu. Mteja atalaumiwa kwa rolex, kumbe amekuwa akimeza dawa ya kunenepa asubuhi na jioni.

Kampala imeshawahi kusikilizwa

Wapo watakaosema malalamiko ya mgonjwa mmoja hayabadilishi kitu. Historia ya karibuni ya Kampala yenyewe inawakanusha. Dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo sasa ni nguzo ya tiba Uganda na katika nchi nyingi za Afrika, ilipoanza kusambazwa, wataalamu wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza iliyoko Kampala waliona wagonjwa wakirudi na sukari iliyopanda mno. Wangeweza kusema ni chakula. Badala yake walihesabu, na mwaka 2020 wakachapisha katika jarida la kimataifa: wagonjwa 16 kati ya zaidi ya 3,400. Kuhusu uzito, majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa yameshaonyesha kwamba wanaotumia dawa hiyo wanaweza kunenepa.

Dawa haikufukuzwa, kwa sababu inaokoa maisha na inabaki kuwa bora kwa wengi. Kilichobadilika ni uangalizi: madaktari walijua nani apimwe sukari na nani afuatiliwe uzito. Yote yalianza kwa wagonjwa waliosema na wauguzi walioandika. Anayetumia dawa ya kupunguza mwili anastahili sikio lile lile, awe ameinunua hospitali kubwa au kichochoroni.

Soko moja, milango minane

Hapa ndipo suala la kilo linapokuwa suala la ushirikiano wa kikanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na bidhaa zinavuka kwa muda mfupi kuliko zamani. Jumuiya ina nchi nane, kuanzia Kongo hadi Somalia. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, na wakaguzi wa nchi wanachama hukaa pamoja kutathmini dawa. Hiyo ni kazi ya kusifiwa.

Hata hivyo, kila nchi bado ina rejista yake. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA), Tanzania ina TMDA, Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, Rwanda ina Rwanda FDA, Kongo ina ACOREP. Mteja aliyenunua Kampala, anayeishi Goma, akinenepa badala ya kupungua, abishe mlango upi? Muuzaji yuko nchi moja, mwili uko nchi nyingine, na karatasi ya maelezo imeandikwa Kiingereza kwa msomaji wa Kifaransa na Kiswahili. Bidhaa imevuka mpaka kwa saa moja. Malalamiko yake hayavuki kabisa.

Jumuiya inaweza kulirekebisha hili bila mkataba mpya mkubwa. Fomu moja fupi ya kuripoti dawa, kwa Kiswahili, ipatikane kwa simu na kwenye dirisha la kila kituo cha pamoja cha mpaka, na itakapojazwa popote ifike kwa mamlaka ya nchi ilikouzwa dawa. Tahadhari ya dawa bandia ikitolewa Nairobi isomwe siku hiyo hiyo Mutukula, Mpondwe na Elegu. Uganda yenyewe iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Pa kuanzia kuitumia kwa manufaa ni kwenye karatasi ya dawa, ambako neno lisiloeleweka linaweza kuua.

Hofu isigeuzwe rungu

Pingamizi lipo, na ni la haki. Kila kampeni dhidi ya bandia huwatia wasiwasi wanaouza dawa za bei nafuu, kwa kuwa wenye nguvu huwa wepesi kuiita bandia kila bidhaa isiyo yao. Mahakama Kuu ya Kenya iliuona mtego huo Aprili 2012, ilipoamua kwamba tafsiri ya bandia katika sheria ya mwaka 2008 ingeweza kuzinasa dawa halali za bei nafuu na kuwanyima wagonjwa haki ya kuishi. Dawa nafuu iliyosajiliwa, iliyopimwa na yenye jina la mtengenezaji si bandia. Nchini India, ambako dawa nyingi za ukanda huu hutoka, hataza ya semaglutidi inafikia ukomo mwaka 2026, na sindano za bei ya chini haziwezi kukaa mbali na Kampala milele. Hilo litakuwa jambo jema, mradi njia ya kutofautisha nafuu na feki iwe imejengwa kabla mzigo haujafika.

Wapo pia wanaolicheka suala zima: watu wanakufa kwa malaria, nani ana muda wa wanaotaka kiuno? Lakini unene uliopitiliza hauishii kwenye kiuno. Unakwenda na kisukari, presha na kiharusi, na vinamkuta mtu akiwa bado analipa ada za shule. Mgonjwa wa kisukari anayechoma kalamu isiyo na kitu ndani hapotezi umbo. Sukari yake inaachwa ipande bila kizuizi.

Kilicho mkononi mwa mfanyabiashara

Serikali zikijivuta, mfanyabiashara hana haja ya kuzisubiri. La kwanza ni kukataa kubeba sindano na vidonge vya kupunguza mwili kwenye begi la nguo, hata kwa ombi la shoga wa miaka mingi. Dawa ina leseni yake, friji yake na mtu wake wa kuwajibika, na asiye na vitu hivyo hauzi dawa, anauza bahati nasibu. La pili ni kununua kwenye famasi yenye leseni, kwa cheti cha daktari, na kudai risiti. La tatu ni kutunza boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi hadi dozi iishe, kwa sababu bila namba hiyo mamlaka haina pa kuanzia.

La nne ni kupima uzito siku ya kwanza na kila wiki, kwa mizani ile ile, na kuandika. Kama baada ya wiki kadhaa za dozi kamili namba inapanda, mtumiaji asiiongeze dozi wala asiifiche aibu. Achukue boksi, daftari na orodha ya dawa zote anazotumia, aende kwa mfamasia au daktari, na aombe taarifa iandikwe kwa mamlaka ya dawa. Akiambiwa amekula sana, ajibu kama anavyojibu mwenye gunia lililopungua: chakula kitajadiliwa, lakini kwanza ijulikane ndani ya boksi hili kulikuwa na nini.

Kikuubo ilijengwa na watu wasiokubali kilo nane zipotee bila maelezo. Kilo nne zilizoongezeka mwilini zinastahili ukali ule ule.